Tundu Tumboni mwa Ndege

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Watu wa Kasese huniita dokta, nami nimechoka kuwasahihisha. Daktari ni yule anayeng'oa. Mimi ni yule anayejaza pengo lililobaki. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la dawa: dirisha moja, meza ndefu, mashine ya kusagia inayolia kama nyuki aliyechokozwa, na rafu ya mataya ya plasta, kila moja limeandikwa kwa penseli ni la nani. Siku za soko hufunga mlango, nabeba sanduku langu na kushuka Bwera, kwa sababu mtu aliyezoea pengo miaka kumi hapandi gari mpaka mjini kwa ajili ya jino. Lazima jino limfuate. Mimi mwenyewe, mwanamke mzima, nina pengo la jino la juu, upande wa kushoto. Kinyozi hajinyoi.

Methali niliyokuwa nikiipenda kuliko zote ni ile ya ufa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliwaimbia wateja wangu mpaka wengine wakawa wanaimalizia kabla sijafika nusu. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu.

Mwanamke aliyeniletea ndege alikuwa mmoja wa wateja hao. Ni mjane wa Butembo anayeuza vitenge pale Bwera. Alivuka mpaka na watoto wake na mizigo michache, miaka ile kwao kulipokuwa hakulaliki. Nilikuwa nimemtengenezea meno manne ya mbele. Aliyajaribu palepale kwa kuvunja karanga, huku amenikazia macho kama niliyemwuzia mbuzi mgonjwa, halafu akacheka, na tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kwa kirefu. Lugha yetu ya nyumbani ni moja, mto wa mpakani umepita katikati tu. Lakini Bwera biashara hufanywa kwa Kiswahili, nasi tulijuana kwa biashara, basi tukabaki na Kiswahili: yeye na chake cha Kongo, mimi na changu cha shule.

Siku hiyo alikuja na kitu kilichofungwa ndani ya blanketi jekundu lililochakaa. Akalifungua juu ya meza yangu, kati ya bakuli la plasta na mataya ya watu.

"Dokta, we unatengenezaka vitu vidogo-vidogo," alisema. "Hii utaweza?"

Ndani mlikuwa na boksi la ndege ya plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aunganishe mwenyewe. Ndege ya mizigo, injini mbili, mlango mpana ubavuni, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Boksi lilikuwa kuukuu, maelekezo ya Kifaransa, na plastiki imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mbawa zilikuwa bado kwenye matawi yake kama zilivyotoka kiwandani. Lakini kiwiliwili, nusu mbili kama maganda ya karanga, kilikuwa kimeshaguswa na mtu, na mtu huyo hakuwa amefuata maelekezo hata kidogo.

Viti vyote alikuwa amevitupa. Mahali pake aliweka sakafu ya bati la kopo la maziwa, na kwenye sakafu akapanda pete za waya wa shaba, ndogo kuliko punje ya mtama, za kufungia kamba za mizigo. Mbavu za ndani alizichora kwa uzi wa cherehani uliolowekwa gundi. Madirisha ya ubavuni, yote sita, aliyafunika kwa vipande vya bati, na kila kipande kilikuwa na vidoti pembeni, vimedonolewa kwa ncha ya sindano, kuonyesha ribiti, misumari inayoshika bati la ndege. Nilivaa miwani yangu ya kazi na kusahau kwamba kuna mtu mbele yangu.

"Ni ya bwana yangu," alisema. "Alianza kuitengeneza, kifo ikamukuta katikati. Alikuwaka konvoyeri."

Konvoyeri ni mtu anayesindikiza mizigo. Tajiri anajaza ndege maharage, sabuni na samaki wa chumvi, halafu anamweka mtu wake nyuma, juu ya magunia, ili mzigo ufike kamili. Mume wake aliifanya kazi hiyo miaka mingi, mpaka mguu ulipomharibikia. Aliponunua boksi hili sokoni, la mitumba, alikuwa ameshakaa nyumbani, na alilibadili lifanane na ndege yake, ile moja aliyokuwa akiisindikiza.

"Mi niko na swali moja tu," mjane aliendelea. "Nataka kujua kama kule nyuma, kwenye alikuwa anaikalaka, kulikuwa dirisha."

Akanieleza sababu. Nyumba yao Butembo ilikuwa juu ya kilima, na ndege ikienda kutua ilipita juu ya bati lao, chini sana, mpaka masufuria yakalia. Enzi hizo simu hazikuwa za kila mtu. Basi yeye, siku ambayo chakula kiko tayari na mambo ya nyumbani ni mazuri, alikuwa anapanda ngazi na kutandaza blanketi jekundu juu ya bati. Maana yake: njoo moja kwa moja, usipitie kwenye pombe. Na mume alikuja moja kwa moja. Akiingia husema, "Nimeliona." Miaka mingi hivyo. Halafu shemeji yake, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa pale uwanjani na kuiona ndege ile kila siku kutoka nje, akamcheka mbele ya watu. Ndege ile haina dirisha nyuma, alisema, yamefunikwa yote kwa bati. Mumeo anasikia harufu ya sombe, kisamvu chako, njiani, anakudanganya kwamba ameona blanketi.

"Sikumuuliza bwana yangu," alisema. "Niliona haya. Sasa hayuko, na ile swali ingali iko."

Sikujua kwamba mtu anaweza kubeba kitu kama hicho kuvuka nacho mpaka. Nilimwambia aniachie boksi, nami nitamjibu.

Alikuwa na picha moja pia, mume wake amesimama chini ya bawa na mikono kiunoni. Niliipeleka Kasese na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia. Nyuma ya bega lake madirisha matatu yalionekana, yote yamefunikwa. La katikati kipande chake kimepinda kidogo, kimelala kama kofia ya mlevi. Nikatazama ndege ya plastiki: la katikati limepinda, upande uleule, kiasi kilekile. Nilihesabu ribiti. Kwenye picha zilionekana saba upande wa juu. Kwenye plastiki, saba. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Huyu alikuwa mtu wa aina yangu, mtu asiyeweza kuacha kitu kiwe karibu sawa.

Lakini furaha ile ilikuwa na mkia mbaya. Mtu mkweli kiasi hicho, kama angekuwa na dirisha la kuchungulia, angeliweka. Naye alikuwa amefunika yote sita. Soko lililofuata nilimwambia mjane kama ninavyowaambia wagonjwa habari ya jino lisilofaa, bila kupaka asali.

"Hakuna dirisha."

Akaitikia kwa kichwa. Akapangusa meza yangu kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Bon. Nilijua. We malizia tu, dokta. Ikuwe sawa vile ilikuwa."

Nilianza kama ninavyoanza na kinywa chochote. Kwetu hatugusi kitu kabla ya kuchukua umbo lake: unakoroga unga wa kuchukulia umbo mpaka uwe kama uji mzito, unakandamiza, unasubiri ugande, halafu unamimina plasta. Kesho ukikosea, plasta inakumbuka. Kwa ndege lilikuwa jambo la kuchekesha, na mwenye duka la dawa aliniuliza kama siku hizi hata ndege zinavaa meno ya bandia. Lakini mazoea ni mazoea. Nilimimina nusu zote mbili, nikaandika "ndege" kwa penseli, nikaweka rafuni kati ya taya la katekista na taya la mwanajeshi mmoja mstaafu ambaye huniamuru, "Fanya haraka!" kila anapokaa kitini.

Halafu nikatafuta ushauri kwenye simu. Kumbe kuna watu duniani, wazee wenye ndevu nyeupe na meza safi, wanaokaa miezi mitatu wakiboresha ndege moja ya plastiki. Niliwatazama kwa mshangao, halafu kwa wivu. Wanavuta plastiki juu ya mshumaa mpaka iwe uzi. Wanachonga swichi kwa karatasi. Na karibu wote walisema jambo moja: ndege hizi za zamani zina tundu tumboni, la kuchomeka stendi ya kuonyeshea, nalo ni baya, lizibe.

Niligeuza yangu. Kweli, tumboni, pale nusu mbili zinapokutana, palikuwa na tundu. Karatasi ya maelekezo ilionyesha stendi ikiingia hapohapo. Kwenye karatasi tundu lilikuwa jembamba, na hili lilikuwa la mraba, limepanuliwa kwa tupa, na pembeni lina mikwaruzo. Nikadhani marehemu alitaka kuchonga stendi yake ya mbao. Stendi haikuwepo, na mimi sipiti mbele ya pengo nikaliacha. Nikaunganisha nusu mbili, nikakoroga akriliki ya waridi, ile ya ufizi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi siku hiyo, nikajaza, nikapiga msasa mpaka tumbo likawa laini kama shavu la mtoto. Baadaye rangi itafunika, nilijiambia.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, sitaki kusema uongo. Vioo vya rubani nilivikata kutoka filamu ya eksirei, iliyooshwa weusi wake kwa jiki. Waya za antena nilizitoa kwenye waya wa kunyooshea meno. Magurudumu niliyapasha moto kidogo na kuyakandamiza chini, yaonekane yamebeba uzito. Moshi wa injini niliupata kwa masizi ya mshumaa. Kila siku ya soko nilimpelekea mjane kitu nilichotengeneza, naye alikikagua kwa ukali kuliko alivyokagua meno yake.

"Hii ngazi ni ya wapi?" aliuliza nilipomwonyesha ngazi ya waya, nzuri, niliyoilehemu mwenyewe.

"Ya kupandia."

"Ya wazungu. Yetu ilikuwaka ya miti, na kamba. Na hapa, kipande ya tatu, ilivunjika. Walikuwa banairuka."

Nikaenda kuchonga ngazi ya vijiti vya kuchokolea meno, na kipande cha tatu nikakivunja. Nikahisi namfahamu yule mwanaume zaidi kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kila kitu alichokuwa amekifanya kabla yangu kilikuwa na sababu, na kila sababu niliyoitafuta niliipata. Ndiyo maana kitu kimoja kilinisumbua.

Nilikuwa naingiza magunia. Niliyashona kwa shashi ya kufungia vidonda, nikayajaza ulezi, na kuyapitisha mlangoni kwa kibano, moja moja. La nne lilikwama. Nikavuta, na ncha ya kibano ikanasa ukingo wa kitu sakafuni, kipande cha bati cha mraba nilichokuwa nimekichukulia kuwa kiraka. Kikainuka. Kilikuwa na bawaba ya waya mwembamba kuliko unywele, na kilifunguka taratibu kama kifuniko cha saa ya babu. Nikaelekeza tochi ya simu ndani. Chini ya kifuniko niliona ufizi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba waridi ule ni wangu.

Niliketi. Nilijiuliza swali lilelile kwa njia kumi. Mtu mwenye mguu mbovu anakaa kutengeneza bawaba ya kifuniko ambacho hakuna mtu atakayekiona. Kwa nini kifunguke? Angeweza kukigandisha, kingefanana vilevile. Kama kinafunguka, kilifunguka kwenye ndege ya kweli. Na chini yake, hasa chini yake, palikuwa na tundu ambalo mimi mwenye akili nililiziba.

Asubuhi iliyofuata sikufungua kazi. Nilikwenda kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege, pale Kasese, ambapo siku nyingi watumiaji wakubwa ni mbuzi. Bahati ilikuwa yangu: ndege moja ya watalii ilikuwa imetua. Mlinzi aliniruhusu nisogee niangalie, lakini hakutegemea kwamba nitapiga magoti.

"Mama! Toka chini ya ndege!"

"Afande, naangalia tumbo tu."

"Tumbo ya nini? Toka!"

Fundi wa ndege ile, kijana mpole mwenye mikono ya grisi, alicheka na kuniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya kifuniko changu. Hakushangaa hata kidogo. Ndege karibu zote zina vifuniko vya ukaguzi, alisema, ili fundi afikie nyaya zinazoongoza mkia. Za zamani zina cha sakafuni na kingine chini yake, kwenye ngozi ya nje, na skrubu kuzunguka pembeni. Kile cha nje kikipotea, na kwenye ndege za mizigo hupotea, panabaki tundu.

"Na mtu akifungua cha sakafuni ndege ikiwa angani?"

"Ataona ardhi," alisema. "Na mwenye ndege akijua, kazi ataona hana."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nilirudi mbio kwenye rafu yangu, nikashusha ile plasta iliyoandikwa "ndege", nikaunganisha nusu zake mbili na kuziweka chini ya kioo. Tundu lilikuwepo, mraba kamili, na kuzunguka ukingo wake kulikuwa na vidoti vinane vya sindano. Ile niliyodhani ni mikwaruzo zilikuwa skrubu. Nilikuwa nimezifuta kwa msasa, nikajisifu kwa ulaini. Nilipima tundu kwa bikari ya meno, nikapima kifuniko cha ndani: sawa kwa sawa.

Kwa dakika chache nilifikiria kunyamaza. Mjane alikuwa amepata jibu, amelikubali, amepangusa meza. Ndege ilikuwa karibu kwisha, tumbo limeziba, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na taya la katekista. Mimi ni mtu wa majivuno, na kusema nimekosea hunikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini mficha uchi hazai, na swali halikuwa langu.

Kulifungua tundu kulinitoa jasho kuliko kinywa chochote. Plastiki ya zamani ni kama yai. Nilichagua kekee ndogo kuliko zote, ile ya kuondolea uozo laini, nikaizungusha polepole, nikipuliza unga wa waridi kila nukta. Karibu na kona ya nyuma nikasikia mlio, tik, na ufa ukakimbia kuelekea bawa. Nilizima mashine nikakaa nimeshika kichwa. Halafu nikafanya kama tunavyofanya na meno bandia yaliyopasuka: nikatoboa kitundu kidogo mwisho kabisa wa ufa ili usiende mbele, nikaudondoshea gundi, nikasubiri hadi adhuhuri. Ulishika. Jioni vidoti vinane vilikuwa vimerudi mahali pake, kimoja kimoja, kwa kufuata plasta. Nilifungua kifuniko cha ndani, nikachungulia mlangoni, na kupitia sakafu niliona mbao za meza yangu.

Bwera, siku ya soko, nilimkuta kwenye kibanda chake akikunja vitenge. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu wale wazee wa kwenye simu mpaka msasa, na sikujipunguzia kosa. Alisikiliza akiwa ameshika kona za kitenge, hakukikunja wala hakukiachia.

"Onyesha," alisema.

Alilitandaza lile blanketi jekundu mezani, nikaishika ndege juu yake, na kwa ncha ya kibano nikainua kifuniko. Akainama, akaweka shavu karibu na bawa, akafumba jicho moja na kuchungulia mlangoni. Watu walipita nyuma yetu na mikungu ya ndizi. Akabadilisha jicho, akachungulia tena.

"Naona nyekundu," alisema.

"Alikuwa anaona," nikamwambia. "Alilala juu ya magunia, akafungua, akatazama chini. Hakuweza kukuambia, wangemfukuza kazi. Na shemeji yako angelitangaza uwanja mzima. Hakukudanganya hata siku moja."

Nilitegemea atafurahi. Mimi nilikuwa na furaha tele, furaha ya mtu aliyepata kipande cha mwisho chini ya kabati. Yeye aliinuka taratibu, akakaa kwenye gunia, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Dokta, mi niliachaka kuitandika," alisema.

Sikuelewa.

"Nyuma ya shemeki kunicheka, nilikasirika. Nikasema, huyu mwanaume ananidanganya miaka yote, ananiona mutoto. Sikupanda tena. Miezi mbili, tatu, mpaka mguu yake ikaharibika, akaacha kazi. Siku moja akaniuliza, 'Blanketi iko wapi? Uko mugonjwa?' Nikamujibu, 'Nani amekuambia haiko?' Hakuniuliza tena." Alishika meno yake ya mbele kwa kidole, kama mtu anayehakikisha bado yapo. "Nilifikiri shemeki ndiye alimuambia, juu ya kunicheka zaidi. Kumbe alikuwa anaangalia. Kila safari anafungua hii kitu, anaona bati tupu."

Nilimwonea huruma, na pia nilijikasirikia, kwa kuwa ningeliacha waridi langu pale angebaki na huzuni ya zamani aliyoizoea, nami nilimletea mpya. Kisha nikasema jambo la kijinga, kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kulifanya.

"Nilizibe tena?"

"Hapana!" Alinipokonya ndege kwa nguvu mpaka gurudumu moja likaanguka, na mpaka leo sijalipata. "Usiguse. Iache wazi." Halafu akalia, na alipolia alihama Kiswahili akalia kwa lugha yetu ya nyumbani, nami nikamjibu kwa lugha hiyohiyo, na ndiyo tunayoitumia tangu siku ile, hata kwenye biashara.

Ndege sasa inaning'inia kwa uzi kwenye kibanda chake, juu ya rundo la vitenge, bila gurudumu la kushoto. Kila nikienda Bwera napita kuisalimu. Niliacha kuwaimbia wateja ile methali ya ufa. Huwa nawauliza kwanza pengo lilipatikanaje, na wengine hunieleza mambo ambayo hayahusu meno. Chini ya ndege, juu kabisa ya vitenge vyote, kuna blanketi jekundu lililochakaa. Kwa kuwa limekaa mahali pa bidhaa, wanunuzi hulishika, hulipima, huuliza bei. Yeye hulinyoosha tena pale walipolikunja.

"Ile siuzishe," huwaambia. "Ile nimeitandika."